"Tunashukuru" si jibu: kuridhika kwa wakazi wa nyumba za gharama nafuu

Mtafiti anapopita mlango kwa mlango katika eneo la nyumba za gharama nafuu, iwe pembezoni mwa Jiji la Mbeya au katika vilima vya Manispaa ya Iringa, swali lake kuu huwa ni moja: je, umeridhika na nyumba unayoishi? Jibu la kwanza nalo, kwa kadiri nilivyolisikia, huwa ni moja: "Tunashukuru." Kwenye fomu huwekwa alama ya "nimeridhika", mtafiti anaaga, na miezi kadhaa baadaye inatoka ripoti yenye asilimia nzuri ambayo kila mhusika anaifurahia. Ninaamini kwamba katika safari hiyo fupi, kutoka kinywani mwa mkazi hadi kwenye jedwali la ripoti, ndipo jambo lenyewe linapopotea.

Tuanze na neno. Kuridhika na kuridhia yametoka shina moja, na mzungumzaji wa Kiswahili huyasikia yote mawili kwa pamoja. Mtu anaweza kuridhika kwa sababu amepata alichokitaka, na anaweza kuridhika kwa maana ya kwamba amekubali yaishe, kwa kuwa hana pengine pa kwenda. Vilevile "tunashukuru" ni adabu kabla haijawa tathmini. Mgeni aliyekuja na kalamu na kitambulisho, hasa akiwa ametanguliwa na mwenyekiti wa mtaa, si mtu wa kumwagiwa malalamiko mlangoni. Isitoshe, mwenye nyumba katika hali hii ni serikali au chombo chake, na mpangaji mwenye busara hapendi neno baya limfikie mwenye nyumba kupitia mdomo wa mtu asiyemjua.

Wataalamu wa makazi wamelihangaikia suala hili kwa miaka mingi. Mwaka 1975, watafiti wawili wa Marekani, Earl Morris na Mary Winter, walieleza kwamba familia huipima nyumba yake kwa vipimo viwili: desturi za jamii inayoizunguka, na matarajio yake yenyewe. Nyumba ikipungukiwa na vipimo hivyo, familia ina njia chache za kufuata. Inaweza kuhama, inaweza kuirekebisha nyumba, au inaweza kubadili matarajio yake yalingane na ilichonacho. Mwenye kipato huchagua kati ya njia hizo. Mwenye kipato kidogo mara nyingi hukuta ya kwanza imefungwa na bei, na ya pili imefungwa na masharti ya mkataba, hivyo hubakiwa na ya tatu. Hupunguza matarajio. Na mtu aliyepunguza matarajio, akiulizwa, atasema kwa dhati kabisa kwamba ameridhika. Hasemi uongo, ila jibu lake halituelezi lolote kuhusu ubora wa nyumba.

Kwa hiyo asilimia kubwa ya walioridhika inaweza kuwa habari njema, na inaweza pia kuwa alama ya watu waliokata tamaa. Ili kuzitofautisha hali hizo mbili inabidi tujue kwanza ni nini hasa ambacho serikali imekitoa, kwa sababu katika mazungumzo yetu maneno "nyumba za gharama nafuu" na "nyumba za ruzuku" huchanganywa kana kwamba ni kitu kimoja.

Ruzuku ya nyumba nchini mwetu mara chache huja kama fedha mkononi. Huweza kuja kama ardhi iliyotolewa chini ya bei ya soko, kama kodi ya pango iliyoshushwa, kama msamaha wa kodi kwenye vifaa au mauzo, au kama barabara, maji na umeme vilivyofikishwa kwenye kiwanja kwa gharama ya umma. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, mara tu baada ya Uhuru, likiwa na jukumu la kuwapatia wananchi wa kawaida makazi bora. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo mengi ya kupangisha na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 majukumu ya Msajili yakaunganishwa na ya Shirika. Kisha yakaja marekebisho ya sheria ya mwaka 2005, yaliyolitaka Shirika lijiendeshe kibiashara. Benki ya Nyumba, iliyoanza kukopesha wajenzi miaka ya 1970, ilikuwa imekwisha kufungwa mwaka 1995. Nyumba za gharama nafuu zilizojengwa mikoani katika miaka ya 2010, zikiwamo za Iwambi jijini Mbeya, ni matunda ya kipindi hiki cha mwisho. Zilijengwa na chombo ambacho kinalazimika kurudisha mtaji wake. Unafuu wake ni wa kulinganisha na bei nyingine za soko, na hilo ni jambo tofauti na serikali kubeba sehemu ya gharama kwa ajili ya mnunuzi.

Tofauti hiyo huonekana vizuri tukipiga hesabu. Tuchukue, kwa mfano tu, nyumba ya shilingi milioni 40 inayonunuliwa kwa mkopo wa miaka 15. Riba za mikopo ya nyumba nchini zimekuwa zikitajwa kuwa kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka. Kwa riba ya chini kabisa, yaani asilimia 15, marejesho ya kila mwezi yanakaribia shilingi 560,000, na hadi mkopo unakwisha mnunuzi atakuwa amelipa zaidi ya milioni 100. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipandishwa Julai 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Mtumishi huyo akitoa mshahara wake wote, asile, asivae wala asisomeshe mtoto, bado hafiki. Na huyo ni mwenye mshahara wa uhakika. Mama anayeuza viazi na ndizi Mwanjelwa, au fundi seremala wa Kihesa, hana hati ya mshahara ya kupeleka benki.

Ndiyo maana mtu anayeulizwa kama ameridhika na nyumba ya gharama nafuu mara nyingi si yule aliyekusudiwa. Kipato kidogo kilichotajwa kwenye mpango huwa kimegeuka kuwa kipato cha kati kufikia siku ya kukabidhi funguo, au nyumba imenunuliwa na mtu anayeipangisha kwa mwingine. Ripoti isiyoeleza kama aliyejibu ni mmiliki, mpangaji, au mpangaji wa mpangaji, inachanganya watu watatu ambao nyumba ileile inawagusa kwa namna tatu. Kuna pia kundi ambalo haliulizwi kabisa, nalo ni la waliokwisha kuhama. Aliyeshindwa na nauli au na kodi ameondoka, aliyebaki ndiye anayemudu, na utafiti unaofanyika kwa waliobaki utaleta sura njema kuliko ukweli ulivyo.

Nimeitaja nauli kwa makusudi. Nyumba nyingi za aina hii hujengwa pembezoni kwa sababu huko ndiko ardhi ilikobaki, na bei ya kiwanja ikishuka, gharama ya maisha ya kila siku hupanda. Mji wa Iringa umekaa juu ya kilima, na ukishuka Ipogolo kando ya Mto Ruaha Mdogo unajua kwamba kurudi sokoni au hospitali ni safari ya kulipia. Mbeya nayo imejinyoosha kuifuata barabara kuu ya kwenda Zambia, kutoka Uyole upande mmoja hadi Iyunga na kuendelea kuelekea Mbalizi, na anayeishi mwisho wa mstari huo hulipia urefu wake kila siku. Kodi ya nyumba ikipungua kwa kiasi fulani, lakini baba, mama na watoto wawili wakahitaji daladala au bodaboda kila asubuhi na jioni, unafuu umekwisha kuliwa barabarani. Hata hivyo, anayeulizwa kuhusu "nyumba" hujibu kuhusu kuta na bati, kwa kuwa hilo ndilo swali aliloulizwa.

Katika nchi nyingine jambo hilo limejitokeza kwa uwazi mkubwa. Huko Afrika Kusini, tangu mwaka 1994 serikali imejenga mamilioni ya nyumba na kuwapa wananchi maskini bila malipo. Lawama iliyodumu kuliko zote ni kwamba nyingi zilijengwa mbali na kazi, katika ardhi ya bei rahisi, na hivyo kuwaacha watu weusi kulekule pembezoni ambako ubaguzi wa rangi ulikuwa umewaweka. Wengi waliopewa nyumba hizo walijenga vyumba vya nyuma na kuvipangisha, na kodi hiyo ndogo ikawa ndiyo inayowasaidia kuishi. Ukiwauliza kama wameridhika, utahitaji kujua kama unauliza kuhusu nyumba, kuhusu mahali ilipo, au kuhusu kile chumba cha nyuma ambacho hakikuwamo katika ramani yoyote ya serikali.

Nairobi nayo ilitoa somo lake. Mwaka 2009 baadhi ya wakazi wa Kibera walihamishiwa kwenye maghorofa ya muda ya Lang'ata, ambako nyumba ya vyumba vitatu iligawanywa kwa familia tofauti, kila moja chumba chake, huku jiko na choo vikitumiwa kwa pamoja. Maji yalikuwapo na jengo lilikuwa imara, lakini amani ya jikoni ilitegemea watu ambao hawakuchaguana. Dar es Salaam kuna Magomeni Kota, ambako kaya 644 zilisubiri takriban muongo mmoja tangu nyumba zao za zamani zilipobomolewa hadi maghorofa mapya yalipofunguliwa Machi 2022. Kwa watu hao kuridhika hakuwezi kutenganishwa na swali la haki: nyumba ni yetu au tumeazimwa, na tutailipia kwa masharti gani?

Nirudi nyumbani, kwa kuwa Nyanda za Juu Kusini zina jambo lake ambalo ramani za kitaifa hulisahau. Mbeya na Iringa ziko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Njombe inakaribia mita 2,000. Kati ya Juni na Agosti baridi ya alfajiri huingia hadi kwenye mifupa. Nyumba iliyobuniwa kwa ajili ya joto la Pwani, yenye madirisha mapana, matundu ya hewa juu ya kila mlango, bati lisilo na dari na sakafu ya saruji tupu, ikiletwa huku huwa ni jokofu. Watu huyaziba matundu kwa magunia na makaratasi, kisha huingiza jiko la mkaa ndani ili wapate joto. Hapo inazaliwa hatari ambayo haikuwapo kabla: hewa ya kaboni monoksidi haina harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Nasisitiza jambo hili kwa sababu halionekani popote katika fomu zinazouliza "hali ya hewa ndani ya nyumba" na kutoa nafasi tano, kutoka "mbaya sana" hadi "nzuri sana".

Julai moja nilikaribishwa na mama mmoja katika eneo la nyumba za aina hii nisilopenda kulitaja. Nyumba yake ilikuwa na jiko la ndani, dogo na safi, lenye sinki la chuma na kabati mbili. Juu ya meza ya zege alikuwa amepanga vikombe na sahani za wageni. Hakuna aliyepika humo. Alinipeleka nyuma, ambako alikuwa amejengea banda la mabanzi, yale mabamba ya nje ya mti yanayobaki baada ya kupasua mbao na ambayo huku kwetu hupatikana kwa bei ndogo kwa sababu ya mashamba ya miti ya Mufindi. Ndani ya banda kulikuwa na mafiga matatu, sufuria ya maharage inayochemka tangu alfajiri, rundo la kuni, kuku wawili waliolala karibu na majivu na benchi fupi walilokalia wajukuu wakiota moto.

"Maharage kwenye umeme, mwanangu, nitalipa LUKU hadi lini?" aliniuliza.

Banda hilo lilikuwa la pili. La kwanza alikuwa amelibomoa kwa barua ya msimamizi wa nyumba, kwa kuwa mkataba ulikataza kuongeza kitu chochote. Fomu ya utafiti aliyowahi kujaza, alisema, ilimuuliza kama jiko linatosha. Akajibu kwamba linatosha. Na kweli linatosha kwa vikombe.

Ninaona katika banda lile maelezo ya sehemu kubwa ya suala letu. Njia tuliyoizoea ya kujenga ni ya kidogo kidogo. Mtu hununua kiwanja, hufyatua au kununua matofali ya kuchoma, huinua msingi mwaka huu, hupandisha kuta mwaka ujao, hufunga linta akipata fedha ya mavuno, hupaua, huhamia chumba kimoja kikiwa hakijapigwa lipu, kisha huongeza kingine mtoto wa tatu akizaliwa au mama mzazi akija kuishi naye. Nyumba hukua pamoja na familia. Nyumba ya serikali huja imekamilika, na kukamilika kwake ndiko kunakombana mkazi, kwa sababu haipokei banda la kuku, wala kibanda cha duka, wala chumba cha kijana aliyerudi kutoka chuo bila kazi. Mahali ambapo masharti yanaruhusu kuongeza, mkazi anarudishiwa ile njia ya pili ya kurekebisha nyumba, na kuridhika kwake kunaanza kuwa na maana.

Mbeya na Iringa zina ushahidi wao wenyewe kuhusu jambo hili. Katika miaka ya 1970 na 1980 serikali, kwa fedha za Benki ya Dunia, iliendesha miradi ya viwanja na huduma katika miji saba, nayo ni Dar es Salaam, Mwanza, Mbeya, Morogoro, Tanga, Tabora na Iringa. Katika baadhi ya maeneo ardhi tupu ilipimwa, barabara zikachongwa na maji yakafikishwa, kisha wananchi wakapewa viwanja wajenge wenyewe. Katika maeneo mengine, huduma zilipelekwa mahali ambapo watu walikuwa wamekwisha kujenga kiholela. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliotumia picha za setelaiti na taarifa za wakazi, uliyarudia maeneo hayo baada ya miongo kadhaa. Ulikuta kwamba yale yaliyopimwa kabla ya watu kuhamia yana mpangilio bora, nyumba kubwa zaidi, na yameunganishwa zaidi na umeme, maji na barabara kuliko maeneo jirani ambayo nayo yalikuwa matupu wakati ule. Wakazi wake wana elimu kiasi zaidi, lakini watafiti walionyesha kwamba tofauti hiyo ya elimu ni ndogo mno kuweza kueleza pengo lote. Maeneo yaliyoboreshwa baada ya kujengwa hayakuonyesha mafanikio kama hayo.

Somo ninalolichukua hapo ni kwamba ruzuku iliyowekwa ardhini, yaani katika upimaji, mifereji, mabomba na hati, imeendelea kuzaa kwa miaka arobaini, na kwamba kuta zilizojengwa na wenyewe zilitoka kubwa kuliko ambazo serikali ingeweza kumjengea kila mtu. Haina maana kwamba nyumba zilizokamilika hazihitajiki. Mjane mzee, mlemavu, au mfanyakazi anayekaa mjini kwa muda mfupi hawezi kuambiwa aanze kufyatua matofali. Lakini kwa familia ya kawaida ya Nyanda za Juu, kiwanja kilichopimwa karibu na barabara ya daladala, chenye bomba na ruhusa ya kuongeza chumba, kinaweza kuwa msaada mkubwa kuliko nyumba nzuri iliyo mbali.

Vipi basi tuulize? Ningeanza kwa kuacha kuuliza kuhusu nyumba peke yake. Mtafiti aulize familia ilitumia kiasi gani mwezi uliopita kwa kodi au marejesho, kwa nauli, maji, LUKU, mkaa na kuni, kisha alinganishe na ilichokuwa ikitumia kabla ya kuhamia. Aulize ni chumba gani hakitumiki na ni shughuli gani inafanyika nje. Aende mwezi wa saba, na arudi masika mifereji ikifurika. Awatafute waliohama. Amuulize mama peke yake na baba peke yake, kwa sababu anayeondoka alfajiri na kurudi usiku huijua nyumba kama mahali pa kulala tu, na kijana aulizwe pia anasomea wapi jioni. Na mwenyekiti wa mtaa, kwa heshima zote, abaki ofisini kwake wakati mahojiano yanaendelea.

Zaidi ya yote, aulize swali ambalo nililiuliza mimi nikiwa nimekaa kwenye lile benchi fupi: kama ungepewa ruhusa ya kubadili kitu kimoja, ungebadili nini? Mama yule hakutaja dari wala rangi wala ukubwa wa sebule. Alisimama, akanionyesha ukuta wa nyuma wa lile jiko safi la vikombe, akaupiga kwa kiganja mara mbili.

"Hapa," alisema. "Wangeniwekea mlango hapa, nisizunguke nyumba nzima na chungu cha moto mkononi."